Stereo ya zamani: nianze kubadilisha risiva, spika au sindano?

MFEREJI (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mjomba kahama na kuniachia seti yake ya stereo. Risiva, yaani redio na amplifaya katika chombo kimoja, ni Pioneer SX-750, wati 50 kila upande kwenye ohmu 8. Pleya ya santuri ni Pioneer PL-12D, ile ambayo mota inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Spika ni Advent, yale makabati makubwa yenye wufa moja (ya besi) na twita moja (ya sauti kali). Vyote ni vya miaka ya 1970, vyote vinawaka, na sauti ya mwimbaji ikitulia ni tamu kiasi kwamba muziki wa kwenye simu umenitoka moyoni.

Ila kuna mambo yananisumbua. Besi ikiingia, upande wa kushoto unakoroma. Nikizungusha nobu ya sauti yanatoka makwaruzo, na mara nyingine upande wa kulia unapotea kabisa mpaka niguseguse nobu na vitufe ndipo urudi. Santuri nazo zinaanza vizuri, lakini wimbo wa mwisho wa kila upande unasikika umechakaa, hasa zile "s" na "sh" za mwimbaji zinachoma masikio.

Bajeti yangu inatosha kitu kimoja kikubwa, au vidogo viwili vitatu. Jamaa mmoja ananishauri nitafute SX-1250 ya wati 160, anasema hii yangu inazidiwa na spika ndiyo maana inakoroma. Mwingine anasema spika ndizo zimekufa. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza pleya mpya. Ingekuwa ni nyinyi mngeanzia wapi?

TWITA TUPU

Mkuu, mimi ningeuza yote wakati bado inawaka. Hivyo vyombo vina soko kwa watu wanaopenda kuvitengeneza. Ukipata hela yako, chukua spika za kisasa zenye amplifaya ndani yake, unaziunganisha na simu, runinga na pleya ya santuri, na unapata dhamana. Chombo cha umri huo leo kitakudai hiki, kesho kile. Kuna watu wanafurahia hilo, lakini kama wewe unachotaka ni kusikiliza muziki tu, jiulize kwanza kama unataka pia kazi ya kukiuguza.

FUNDI KOILI

Mfereji, usinunue kitu bado. Ulichoandika hapo ni orodha ya magonjwa, na ugonjwa hautibiwi kwa kununua chombo kikubwa zaidi.

Nianze na hilo la wati, maana linawapotosha wengi. Kutoka wati 50 hadi 160 ni ongezeko la desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hivi. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, inahitajika karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo hata ungeipata hiyo SX-1250, tena ikiwa nzima, tofauti ya ukubwa wa sauti ungeisikia lakini isingekushangaza. Ukisikiliza sebuleni kwa kiasi cha kawaida, muda mwingi unatumia wati chache tu. Zile nyingine ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla. Halafu amplifaya iliyozidiwa hukoroma ukiwa umeifungulia sana, na kwa kawaida pande zote mbili. Wewe unakoroma upande mmoja. Je, unakoroma hata sauti ikiwa ya chini?

Sasa fanya jaribio hili, halihitaji kifaa chochote. Zima risiva. Nyuma yake, hamisha nyaya za spika: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Angalia nyuzi za shaba zisigusane, hata unywele mmoja. Washa, piga santuri ileile. Mkoromo ukibaki kwenye kabati lilelile, kabati lina ugonjwa. Ukihamia kabati la pili, ugonjwa uko nyuma yake: risiva, pleya au nyaya.

Ukiona umehamia, zima tena, rudisha nyaya za spika mahali pake, kisha badilishana plagi mbili za pleya pale kwenye PHONO, matundu ya pleya nyuma ya risiva. Ugonjwa ukihama, unatoka kwenye pleya au sindano. Usipohama, umo ndani ya risiva. Kwa hatua hizo mbili unajua chumba alimo mwizi kabla hujavunja mlango wowote.

Kisha vua vitambaa vya mbele vya spika. Gusa kwa ncha ya kidole ule ukingo laini unaoshika koni ya wufa na fremu yake. Rudi hapa utuambie umeona nini.

KAPASITA 63

Naungana na fundi kuhusu wati, ila niongeze langu. Risiva ya umri huo inatakiwa kubadilishwa kapasita (vipande vinavyotunza chaji ya umeme) zote za elektroliti. Zote. Ndani ya kila moja kuna kimiminika, na kimiminika kinakauka. Kapasita nyingi za kawaida hupewa maisha ya saa 2,000 kwenye nyuzi 85 za Selsiasi, na kanuni inayotumika ni kwamba kila ukishusha joto nyuzi 10, maisha yanaongezeka mara mbili. Kwenye nyuzi 45 hizo ni saa 32,000. Zinaonekana nyingi, lakini chombo kilichowaka kila jioni kwa miongo kadhaa kinazisogelea, na kilichokaa stoo bila kuwashwa nacho kina shida zake. Usisubiri moja ipasuke ichukue na transista za mwisho.

MFEREJI

Fundi, nimefanya kama ulivyosema. Mkoromo umebaki kwenye kabati lilelile, na ndiyo, unakoroma hata kwa sauti ya chini kama kuna besi. Nimevua kitambaa: ule ukingo ni sponji nyeusi, na nilipougusa ulibaki kwenye kidole kama masizi yenye gundi. Kuna sehemu umeachia kabisa, karibu robo ya mzunguko. Kabati la pili ukingo bado umeshika ila nao unanata.

Lile la upande wa kulia kupotea halikufuata spika. Linatokea pia nikigusa kitufe cha TAPE MONITOR (cha kusikiliza kinasa sauti): nikikibonyeza na kukiachia mara kadhaa linarudi.

FUNDI KOILI

Safi sana. Sasa tuna majibu mawili bila kutumia hela.

Kwanza wufa. Sponji ya ukingoni inaoza yenyewe, uipige spika au uiache. Hewa na unyevu vinatosha, na mara nyingi miaka 10 hadi 20 inaimaliza. Ya kwako huenda ilishawahi kubadilishwa huko nyuma. Kingo za mpira na za kitambaa kilichopakwa dawa hudumu zaidi, ndiyo maana utakuta spika za rika lilelile nyingine nzima nyingine zimeliwa. Koni, koili na sumaku yako vinaweza kuwa vizima kabisa. Kinachobadilishwa ni ukingo tu.

Lakini kwa Advent usiweke ukingo wowote unaoingia. Elewa kabati hilo linafanyaje kazi. Mwaka 1954 kampuni ya Acoustic Research ilitoa spika ya AR-1, iliyotokana na wazo la Edgar Villchur: funga kabati lisipitishe hewa, fanya wufa iwe laini sana, kisha hewa iliyofungiwa ndani ndiyo iwe springi ya kuirudisha koni. Mwenzake Henry Kloss baadaye ndiye aliyeanzisha Advent, na spika zako zimefuata njia hiyo. Maana yake ni kwamba ulaini wa ukingo ni sehemu ya hesabu ya spika. Ukiweka mpira mgumu kwa sababu utadumu, besi ya chini inapanda juu na spika inakuwa nyingine. Na ukifungua wufa halafu ukairudisha bila kuziba vizuri pembeni, hewa inavuja, besi inalegea, utalaumu ukingo bure.

Badilisha zote mbili kwa wakati mmoja, hata kama moja bado inashika. Ukingo mpya kushoto na mzee kulia utakupa besi mbili tofauti.

Pili, kupotea kwa sauti ukigusa kitufe: hiyo ni oksidi na vumbi kwenye miguso ya swichi na ndani ya nobu. Tafuta spreya ya kusafishia miguso ya umeme, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mafuta ya kulainisha bawaba na vyuma usiyalete hapo. Yanaacha utando unaokusanya vumbi upya. Chomoa waya wa umeme, subiri, fungua kifuniko, puliza kidogo ndani ya kila potenshomita (kile kifaa kilicho nyuma ya nobu) na kila swichi, halafu zungusha na bonyeza mara ishirini thelathini. Acha ikauke kabisa ndipo uwashe. Makwaruzo mengi ya risiva za zamani yanaishia hapo.

Kwa Kapasita 63: hesabu yako ya joto naikubali. Nisichokubali ni neno "zote" kabla ya kupima. Nimepokea mezani risiva nyingi zilizofika zikiwa zimekufa kwa mikono, si kwa uzee: njia za shaba zimebanduka kwenye bodi, kapasita imewekwa kinyume, waya umeng'oka na hakuna anayejua ulitoka wapi. Mfereji, kama una mita, fanya hivi: ondoa spika, washa risiva, weka nobu ya sauti sifuri, subiri rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) ilie ile "tak" yake, kisha pima volti za DC kwenye vituo vya spika, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 50 ni habari njema. Ikizidi 100 kuna kitu cha kushughulikia. Ikifika volti kamili, zima, usirudishe spika hapo, kwa sababu koili itaungua.

KAPASITA 63

Fundi, hapo kwenye mikono mibovu tuko pamoja. Basi niseme hivi: apime, asikilize mngurumo wa umeme pande zote akiwa hajachagua chanzo chochote, aangalie kapasita kubwa za pawa kama zimevimba juu au zimetoa majimaji kwenye kitako. Vikiwa safi anaweza kusubiri. Ila za kwenye krosova ya spika (saketi inayogawa besi na sauti kali) asisubiri. Wufa ikiwa nje tayari mkono unaingia. Abadilishe kapasita ya twita kwa ya filamu yenye thamani ileile iliyoandikwa. Hiyo haichoki kama elektroliti.

FUNDI KOILI

Hilo nakubali bila kipingamizi. Na kwa anayesoma uzi huu akiwa hajawahi kufungua amplifaya: zile kapasita kubwa za pawa hubaki na chaji hata chombo kikiwa kimechomolewa. Hazimalizwi kwa kuzigusisha na bisibisi, zinamalizwa kwa rezista, na volti zinapimwa mpaka zishuke. Kama sentensi hiyo haijakaa sawa kichwani, mpelekee fundi, wewe baki na spreya.

DADA BESI

Habari zenu. Naona kila mtu kakimbilia kwenye nyaya, na wimbo wa mwisho wa santuri umeachwa peke yake. Mimi kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kile ambacho sindano haikukisoma hakiwezi kurudishwa na risiva wala spika yoyote ya bei yoyote.

Mfereji, santuri inazunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini duara linapungua. Ukingoni mwa nje mfereji wa santuri, ule mstari unaosomwa na sindano, unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni sentimita 21 hivi. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Mawimbi ya sauti kali, zile "s" na "sh" zako, yanakuwa madogo sana, na ncha ya sindano iliyo nene au iliyolika inashindwa kuyaingia, inayaruka na kuyakwangua. Ndiyo maana wimbo wa kwanza unakudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Kwa hiyo uliza: sindano iliyopo ina umri gani? Kama hakuna anayejua, ihesabu imekufa. Sindano ya kawaida inapewa kati ya saa 500 na 1,000, na ikishalika inaanza kuchonga santuri zako. Kila siku unayosubiri unapoteza kitu ambacho hakinunuliki tena. Ndiyo maana ningekuambia acha kupiga santuri unazozipenda mpaka sindano mpya ifike.

Katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) ninayoipendekeza kwa mkono wa pleya ya aina yako ni Audio-Technica ya familia ya VM95. Anza na VM95E, yenye ncha ya duaradufu, uzito wa kukandamiza santuri ni gramu 2. Uzuri wa familia hiyo ni kwamba mwili ni mmoja na sindano zinabadilishana: ukipata nafasi baadaye unavuta sindano hiyo na kuchomeka ya VM95ML, ambayo ncha yake ni nyembamba zaidi na inafika pale karibu na lebo ambapo ya duaradufu inaanza kuchoka. Ortofon 2M Red pia ni nzuri, sina neno nayo.

Ukishaifunga, usiikadirie kwa macho. Tafuta karatasi ya vipimo vya katriji, ile yenye mistari ya kuonyesha sindano itue wapi na katriji ielekee wapi. Milimita moja ya kukosea inasikika palepale kwenye wimbo wa mwisho. Uzito pimia kwa mizani ndogo ya sindano. Watu wanaogopa uzito mkubwa wakidhani unakwangua, wanashusha chini ya kiwango cha mtengenezaji, na hapo ndipo sindano inarukaruka na kuharibu zaidi.

TWITA TUPU

Dada Besi, hayo ya kasi ya mfereji nimeyaelewa leo. Lakini hamjajibu hoja yangu. Ukingo, spreya, kapasita, katriji, karatasi ya vipimo, mizani. Ukijumlisha umefika kwenye spika mpya.

DADA BESI

Hujafika, kaka. Hata ukinunua spika zako mpya zenye amplifaya ndani, katriji na mizani bado utavihitaji, maana pleya ni ileile. Kwa hiyo hivyo viondoe kwenye hesabu. Kinachobaki ni kingo mbili, gundi, kapasita mbili na spreya. Kwa vitu hivyo anapata spika za wufa kubwa katika kabati lililofungwa, zinazoshuka chini kwa utulivu ambao spika ndogo ya mezani inauigiza kwa vifaa vya kielektroniki. Kama angekuwa na chumba kidogo na hapendi kabisa kushika bisibisi ningekuunga mkono. Lakini mtu aliyevua vitambaa na kubadilishana nyaya siku hiyohiyo alipoambiwa, huyo ana moyo wa hii kazi.

MDAU WA NYUMA

Wakuu nisamehe kuingilia. Mimi nina risiva kama hiyo ila nataka kupiga muziki wa simu. Nilichomeka kwenye PHONO ikatoa sauti ya kelele iliyopasuka. Imekufa?

FUNDI KOILI

Haijafa. Usichomeke kitu kingine pale isipokuwa pleya ya santuri. Katriji inatoa milivolti chache tu, nne tano hivi, na pale PHONO kuna hatua ya ziada ya kuzikuza. Simu au kisanduku cha muziki kinaweza kutoa mamia ya milivolti hadi volti 2, ni mafuriko.

Kuna sababu ya pili. Santuri inapochongwa besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa, karibu desibeli 20 kila mwisho, ili mifereji isiwe mipana mno na vumbi lisitawale. Kipimo hicho kinaitwa RIAA na kimetumika tangu miaka ya 1950. PHONO inafanya kinyume chake: inarudisha besi na kushusha sauti kali. Ukiipitishia muziki wa simu ambao haukuchongwa hivyo, unapata besi iliyofura na sauti iliyozibwa.

Chomeka kwenye AUX, matundu ya vyanzo vingine. Kama AUX imeshikwa, tumia TAPE IN na ubonyeze TAPE MONITOR. Hiyo ni njia ya kuingilia kama nyingine. Kipokezi kidogo cha Bluetooth kinatosha, au kisanduku kinachopokea muziki kwa intaneti ukitaka ubora zaidi. Utaona sauti inakuwa kubwa ukizungusha nobu kidogo tu, kwa sababu AUX za enzi hizo zilitegemea milivolti 150 hivi ndipo amplifaya ifike mwisho wa nguvu zake. Punguza sauti upande wa kisanduku ili nobu ya risiva ifanye kazi katikati yake, pale ambapo pande mbili zinalingana vizuri zaidi.

MDAU WA NYUMA

Asante fundi, inaimba. Jingine: kuna pleya na risiva za kutoka Japani zimeandikwa volti 100. Transfoma ya kushusha inatosha?

FUNDI KOILI

Kwa risiva, ndiyo, mradi transfoma iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya chombo kwa nafasi ya kutosha. Kabla ya kununua transfoma, angalia nyuma kama kuna kiteuzi cha volti. Baadhi ya matoleo yaliyouzwa nchi mbalimbali yanacho.

Kwa pleya kuna jambo ambalo transfoma haigusi. Pleya nyingi za mkanda za miaka ile zina mota ya AC ya sinkronasi, yaani kasi yake inafuata hezi za umeme. Transfoma inashusha volti, hezi zinabaki zilezile. Pleya ya hezi 60 ikiwekwa kwenye umeme wa hezi 50, santuri ya 33⅓ itazunguka chini kidogo ya 28. Mwimbaji wa kike atasikika mwanamume. Dawa yake ni puli: ile gurudumu ndogo kwenye mhimili wa mota, ya hezi 50 ni nene kuliko ya hezi 60. Na Japani yenyewe imegawanyika, mashariki hezi 50, magharibi hezi 60, kwa hiyo usikisie kwa kuona nchi. Soma lebo, kagua puli.

Mfereji nawe hakiki hilo kwenye PL-12D yako. Chapisha karatasi ya duara yenye mistari ya kupimia kasi, au tumia programu ya simu, uone kama unapata 33⅓. Kama iko chini kidogo tu, huenda kosa ni mkanda uliolegea. Mkanda mpya ni kitu cha kununua hata bila kupima, ule mpira una umri wake.

MFEREJI

Nimesoma yote mara mbili. Hatua niliyofika:

Spreya nimeitumia. Makwaruzo yameisha kwenye nobu ya sauti, yamebaki kidogo kwenye nobu ya besi. Upande wa kulia haujapotea tena. Nimepima volti za DC: kushoto milivolti 12, kulia 19. Mngurumo hakuna, na kapasita kubwa ziko bapa juu, hakuna majimaji. Kasi ya pleya iko chini kidogo, si sana.

Kwa hiyo risiva inabaki. SX-1250 nimeiondoa kichwani, pleya mpya pia. Nitaanza na katriji na mkanda, kwa sababu ya alichosema Dada Besi kuhusu santuri kuchongwa. Wufa zitafuata. Mjomba alikuwa amesimamisha spika sakafuni, zimegusa ukuta kwenye kona mbili za chumba, nami nimeziacha hivyohivyo. Je, kuna ubaya?

DADA BESI

Hilo ni badiliko la bure na nafurahi umeliuliza. Ukuta unaongeza besi, sakafu inaongeza, kona inaongeza zaidi ya vyote. Spika zikiwa konani utasikia besi nyingi isiyo na umbo, gitaa la besi na ngoma vinaungana kuwa kitu kimoja. Zitoe konani, zisogeze mbele kutoka ukutani kwa urefu wa mkono kama chumba kinaruhusu, zinyanyue kwenye stendi fupi ili twita zikaribie usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu ambayo pande zake zinakaribiana urefu. Kisha kaa, piga wimbo wenye mwimbaji mmoja. Akisikika katikati, mahali pasipo na spika, umepata. Asipopatikana, geuza spika kidogo zikutazame.

Chumba chenye kuta tupu na sakafu ngumu kitaendelea kukuchoma masikio hata kwa sindano mpya. Zulia kati yako na spika, pazia zito, kabati la vitabu lisilopangwa sawasawa, vyote vinasaidia. Fanya hayo kwa wufa zile zile mbovu, sauti ikiwa ya chini, ili ukibadilisha ukingo ujue ni ukingo uliobadilisha, si mahali.

KAPASITA 63

Milivolti 12 na 19 ni nzuri. Narudi nyuma kwenye msimamo wangu kwa risiva hii. Ila iachie nafasi juu yake ya kupumua, usiiwekee pleya wala chochote juu ya matundu ya kifuniko. Joto ndilo linalokula kapasita.

MFEREJI

Sawa wakuu. Nimechungulia kingo za Advent, muuzaji anauliza "inchi 10 au 12?" Nimepima fremu kwa nje, inakaribia inchi 12. Niagize za 12?

FUNDI KOILI

Usiagize bado! Hapo ndipo wengi wanapotupa hela. Wufa ya Advent ya zamani ina fremu ya inchi 12 lakini koni yake ni ya inchi 10 hivi, na kati ya koni na fremu wameweka pete ya ubao mgumu mweusi uliobanwa. Matoleo ya baadaye hayana pete hiyo, fremu ni ya chuma mpaka ndani. Kingo zake si zilezile.

Toa wufa moja ukiwa umelaza kabati chali, weka alama ya waya upi ulikuwa chanya. Kisha nipe vipimo vinne kwa milimita: kipenyo cha koni yenyewe bila sponji, kipenyo cha pale ndani ya fremu ambapo mviringo wa sponji unaanza, kipenyo cha nje cha mahali sponji inapogandishwa kwenye fremu, na upana wa ule mviringo uliovimba. Andika pia kama unaona pete ya ubao au chuma kitupu, na kama sponji imegandishwa juu ya koni au chini yake. Piga picha ya nyuma na ya mbele.

Ukiwa hapo bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zinazotazamana, uishushe sawasawa. Isikwaruze hata kidogo. Ikikwaruza tuambie kabla hujaendelea, maana koili itakuwa imeharibika na ukingo hautaisaidia.

MFEREJI

Pete ya ubao mweusi ipo. Koni inashuka kimya, zote mbili. Vipimo na picha naweka hapa kesho nikipata rula ya milimita.